Risiti ya Jumapili Kumi na Tano

Mama mkwe akimsifu mkwe wake mbele za watu, majirani huangalia kwanza kama jua limetoka upande wake wa kawaida. Basi waangalie. Mimi Jamku nasema hivi: katika Varachha yote, mtaa wetu wa wanoa almasi, kuanzia relini mpaka kwenye daraja, hakuna mkono kama wa Rasila, mjane wa mwanangu. Nimekaa naye nyumba moja miaka ishirini na miwili. Nimemkosoa chumvi, nimemkosoa chapati, nimemkosoa hata jinsi anavyokunja shuka. Mkono wake sijaupata na kosa, na si kwamba sikutafuta.

Mwanangu alipofariki, nafasi yake kwenye ghanti ilibaki wazi. Ghanti ni ile sahani ya chuma inayozunguka kwa kasi, watu wanne wameizunguka kama wanaokula sinia moja, kila mtu amebana almasi yake na kuigusisha kwenye chuma mpaka ipate nyuso zake. Rasila alimwendea tajiri wa karakana, akajifunika ushungi vizuri, akamwambia nafasi ile ni ya nyumba yetu. Wale wanaume watatu waliobaki walicheka. Mmoja akamuuliza kama amekuja kunoa almasi au kusugua masufuria. Rasila akasema atasugua chochote atakachopewa, na akakaa. Mwaka wa kwanza wakampa vijiwe kama chembe za sukari. Mwaka wa nne wakaanza kumsogezea, kimya kimya, mawe yaliyowashinda wenyewe.

Jiwe linalowashinda watu ni lenye fundo. Almasi ina nyuzi kama ubao; ukizifuata, inakubali. Lakini lenye fundo nyuzi zake zimepishana, chuma kinateleza juu yake na kulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Ukilazimisha, linapasuka. Ukikata tamaa, wanaume hulifunga kwenye karatasi na kusema jiwe lina mkosi. Rasila haliiti mkosi. Huligeuza kidogo, hugusa, hulitazama, hugeuza tena. Nimemwona akigeuza jiwe moja tangu chai ya asubuhi mpaka wali wa mchana, na usoni mwake huwezi kujua kama limekubali au limekataa. Uso huo huo huwa nao ninapomkosoa chapati.

Sasa, mjukuu wangu Hetvi alipata mchumba. Kijana anaitwa Dharmil, anaishi Leicester, Uingereza, na mama yake Vilas, mjane kama Rasila. Kijana mwenyewe sikumpinga. Alikula kwangu sahani tatu za ganthia, vile vijiti vikavu vya unga wa dengu, na pilipili za kukaanga bila kuuliza mafuta ni ya nini, na mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mbaya sana. Mwezi wa kumi na mbili walikuja, kama wanavyokuja wageni wote wa ng'ambo, na tukapanga uchumba uwe Alhamisi. Kwetu mambo hayo ni mafupi: kijana anamvisha binti pete, binti anamvisha kijana pete, kisha inagawiwa sukari guru iliyochanganywa na mbegu za giligilani. Ukishaitafuna, neno limekwisha, hakuna wa kurudi nyuma.

Pete ya kumvisha Dharmil tulikuwa nayo. Tajiri alikuwa na jiwe ghafi ambalo karakana tatu zilikuwa zimelirudisha, fundo juu ya fundo. Akamuuzia Rasila kwa rupia elfu arobaini na kumpa ufunguo wa Jumapili, siku ambayo mashine zinalala. Jiwe la ukubwa ule, likiwa halina shida, humalizwa kwa siku mbili. Hili lilikula Jumapili kumi na tano, kila Jumapili tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Najua, maana mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka chakula na kurudi na chombo chenye nusu ya chakula hicho. Jumapili ya kumi na tano nilimkuta amelala, shavu juu ya meza, jiwe likiwa kwenye karatasi mbele yake. Nililitazama. Mimi nimeishi na almasi tangu nilipoolewa. Kwangu ni kama mchele, hazinishtui. Siku ile nilivuta kiti nikakaa.

Sonara akalivika dhahabu, pamoja na kazi yake, kwa elfu thelathini na tano. Jumla elfu sabini na tano, na kila rupia ilikuwa ya Rasila.

Jumatatu Vilas alikuja na pete ya Hetvi. Kisanduku chake kilikuwa cha mahameli, kikubwa kuliko tofali, na ukikifungua kinawasha taa ndani. Kinamama tuliketi kwenye mkeka kupitisha pete mikononi, kama desturi. Ilipofika kwangu, kwenye kisanduku kulikuwa na karatasi iliyokunjwa.

"Ni risiti," Vilas alisema. "Si kwa ubaya, dada Jamku. Ni kwa ajili ya bima."

Bima. Kwetu bima ya pete ni kidole kisichokonda. Lakini risiti ilikuwa imekunjwa kwa ustadi, tarakimu zikiwa upande wa nje, na hakuna mama kwenye mkeka ule ambaye hakuzisoma. Pauni elfu mbili mia tatu na hamsini. Karibu laki mbili na nusu za rupia. Mtu mmoja alimeza mate nikamsikia.

Kisha Vilas akaivaa ya Dharmil kwenye kidole gumba chake mwenyewe, akaigeuza, akasema ni nzuri. Akauliza ni ya kiasi gani, tusifichane, sisi sasa ni wamoja.

Mimi nilikuwa na jibu langu. Nilikuwa nimelinoa tangu alfajiri: laki mbili na elfu arobaini, bei ya heshima, isiyopita ya kwake. Nilikohoa ili nilitoe vizuri. Kikohozi hicho ndicho kilichoniponza, maana Rasila aliniwahi.

"Elfu sabini na tano, dada," alisema. "Jiwe arobaini, dhahabu na sonara thelathini na tano. Jiwe nimelikata mwenyewe."

Vilas alihesabu kwa vidole chini ya ncha ya sari. Pauni mia saba, akasema. Mia saba na kitu. Akairudisha pete kwenye karatasi yake taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani aliyoivunja ukingo. Akatueleza, bila ukali hata kidogo, kwamba kule kiwandani kwake pete ya mia saba hupewa mzee anayestaafu, pamoja na keki. Hakutaka kutuumiza. Lakini angewaambia nini watu wa Leicester, ambao wangeuliza siku ile ile atakayotua? Kwamba mwanawe amevishwa theluthi ya alichovisha? Jiwe la bei theluthi ni jiwe la namna gani? Afadhali tusogeze sherehe mpaka tupate pete inayolingana.

Tikiti zao za kurudi zilikuwa za Jumapili. Kusogeza maana yake mwaka kesho. Na kwetu uchumba uliosogezwa mwaka ni kama maziwa yaliyoachwa juani: hata yasipoharibika, hakuna anayeyanywa bila kuyanusa kwanza.

Jioni ile, wakati wa kukanda unga, nilimwona Rasila akizivua bangili zake. Ni nne, za dhahabu, alivishwa na mwanangu, na tangu Hetvi azaliwe tunajua ni za Hetvi. Alizisugua kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani. Nilimuuliza zinakwenda wapi zikiwa safi hivyo. Akasema Jumatano akitoka kazini atapita kwa sonara. Hetvi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la dengu; akaliweka chini, akatoka nje.

Nikasema moyoni: Jumatano ni Jumatano. Kabla yake kuna Jumanne.

Jumanne asubuhi nilimwomba Rasila ile pete nikaipitishe hekaluni ibarikiwe. Kisha nikampitia Vilas nyumba aliyofikia, nikamwambia twende pamoja, na alete ya kwake pia, baraka ni zile zile. Na sikusema uongo. Riksha ilipita mbele ya hekalu, tena polepole, kwa sababu ya ng'ombe. Nikainamisha kichwa, nikamwambia dereva aendelee mpaka Mahidharpura.

Soko la almasi la Mahidharpura halina duka la kusifia. Ni barabara. Wanaume mia kadhaa wamesimama au wameketi juu ya pikipiki zao, na mali za mamilioni zimo kwenye vikaratasi vilivyokunjwa mifukoni mwa mashati. Talakshibhai, dalali, rafiki wa marehemu mume wangu, ameketi juu ya skuta yake mahali pale pale miaka thelathini. Almasi alizonoa hazina idadi, huwa anajisifu. Mimi humwambia alichokinoa ni kiti cha skuta.

"Jamkuben," alisema aliponiona, yaani dada Jamku, "bado uko hai? Basi bei ya uvumi haijashuka."

Nikamwambia nina pete mbili, mgeni wangu anataka kujua zina nini. Sikumwambia zaidi. Vilas alimpa kisanduku, na taa ikawaka ndani. Talakshibhai alikitazama kama mtu aliyepewa mtoto aliyelowa.

"Hiki kiweke kwenye mkoba, mama. Mimi sinunui visanduku. Na taa uizime."

Akaigeuza skuta ielekee kaskazini, maana hapa hakuna anayetazama jiwe kwa taa wala kwa jua kali. Taa humsifia kila mtu, hata mimi. Mwanga wa kaskazini hausifii. Akatandaza karatasi nyeupe kwenye paja, akaweka pete zote mbili, akabandika lenzi jichoni. Ya Vilas aliimaliza upesi. Karati nusu, rangi nzuri, ndani safi. Aliyelikata alikuwa na haraka kidogo, si kosa lake, analipwa kwa kipande. Mahali hapa, pamoja na dhahabu yake, elfu themanini na tano.

Ya pili aliitazama. Akaitazama tena. Akamwita mwenzake wa pikipiki ya jirani, naye akamwita wa tatu, wakapokezana lenzi moja, jambo ambalo Mahidharpura si la kila siku.

"Kuna fundo hapa pembeni," Talakshibhai akasema mwishoni. "Naliona. Jiwe hili lilipaswa kuwa vipande viwili kwenye takataka. Nani kalishawishi hivi?" Akatoa lenzi jichoni. "Laki moja, Jamkuben. Na anayeuza nampa chai ya tangawizi juu yake."

Hapo Vilas alifanya kosa, na kosa lenyewe ndilo nililokuwa nikilisubiri. Alitoa risiti. Alitaka kuonyesha kwamba yule mzee haoni vizuri. Karatasi ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akaisoma kwa sauti kwa mwenzake aliyekuwa nyuma, na wanaume waliokuwa kumi wakawa thelathini.

"Elfu mbili mia tatu na hamsini za pauni," mmoja alisema. "Mama huyu amenunua duka. Wakasahau tu kumpa funguo."

Wakacheka. Nami nilicheka, tena mimi ndiye niliyeanza. Kisha nikamwona Vilas akiichukua risiti yake. Akaikunja mara mbili, akaikunja mara nne, akaikunja mara nane, mpaka ikawa ndogo kama vikaratasi vyao vya almasi. Akasema, "Twende, dada Jamku," kwa sauti ya mtu anayeomba njia kwenye foleni.

Ndani ya riksha hakulia. Ningefurahi kama angelia, maana machozi najua pa kuyaweka. Aliniambia tu. Anafunga pakiti za viazi vya kukaanga, vile vyembamba kama karatasi. Mstari wa mashine hausimami, kwa hiyo na yeye hasimami kupumzika. Anasimama kufanya kazi. Pete ile aliinunua kwa Jumamosi zake, saa za ziada. Siku aliyokwenda dukani, binti mmoja aliyevaa glovu nyeupe alimkalisha kwenye kiti cha mahameli na kumletea maji kwenye bilauri yenye shina.

"Miaka kumi na tisa niko nchi ile," alisema. "Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniletea maji nikiwa nimekaa."

Niliangalia miguu yake. Alikuwa amevaa viatu vya raba chini ya sari ya hariri, na vifundo vya miguu vimevimba juu ya raba kama unga uliozidi hamira. Asubuhi ile nilikuwa nimeviona viatu hivyo na kuvicheka. Ushindi wangu ukanikaa kooni kama ganthia bila chai.

Tulifika nyumbani saa saba, Rasila amerudi kula. Alitutazama mara moja, akamtazama Vilas mara ya pili, akaniuliza hekalu lilikuwaje. Nikamwambia. Yote, pamoja na kicheko changu. Sina desturi ya kukiri, kwa hiyo nilikiri vibaya, nikianzia mwisho.

Rasila hakupaza sauti. Alivuta ushungi mbele kidogo, kama anavyofanya akiwa na hasira nami kwa adabu.

"Mama," alisema, "mkono wangu haukuwa umeomba wakili."

Kisha akaniacha pale, akamkalisha Vilas kwenye kiti chetu kimoja chenye mto, akaenda mwenyewe mtungini, akamletea maji. Yalikuwa kwenye kikombe cha bati. Vilas alikishika kwa mikono miwili.

Rasila aliiomba pete ya Hetvi, akaipeleka kwenye dirisha la kaskazini na lenzi yake. Akakaa nayo muda mrefu kuliko Talakshibhai. Aliporudi, alisema jiwe ni zuri. Mkono uliolikata anauheshimu, kwa sababu ingawa upande mmoja mkato umeharakishwa, nyuso za juu zimekaa sawa kama mkate wa kijana anayejua kupika, ila ana njaa. Tena huenda limekatwa huku huku, hata mtaa wa pili. Mawe mengi yanayovaliwa duniani yamepita kwenye magurudumu yetu kwanza.

Vilas akasema, bila kuinua macho, kwamba basi ameibiwa. Jiwe limetoka huku kwa bei ya huku, likampata kule kwa bei mara tatu.

"Hukuibiwa, dada." Rasila alikaa chini karibu na miguu yake. "Hapa tunauza almasi kama unga mashineni. Unakuja na mfuko wako, unapimiwa, unaondoka na vumbi kwenye nguo. Kule wanauza mkate, umeokwa, umefungwa, umewekwa juu ya meza yenye taa. Yule binti aliyekuletea maji anakula kwenye pete hii. Mlinzi wa mlango anakula. Mwenye jengo ndiye anayekula kuliko wote, na hajawahi kuiona. Serikali ya huko inaongeza pauni ishirini juu ya kila mia, ya kwetu rupia tatu. Halafu wamelipia na matangazo, ili siku ukipita uwe tayari unalijua jina lao. Wote hao wanaishi kule, wanakodi nyumba kule, wananunua vitunguu kule. Pete imelipa bei ya mahali ilipouzwa."

Akafikiri kidogo. "Hata kiwanda chako. Viazi vya pakiti moja vinatoka shambani kwa bei gani? Na pakiti inauzwa kwa bei gani? Katikati yake ni wewe, umesimama."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho tangu aolewe. Nilikuwa nimekaa na mwiko mkononi na dengu zinaungua. Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nimekaa na almasi miaka hamsini, na nilikuwa nikidhani kule ni ghali kwa sababu Wazungu hawajui kupatana bei. Na bado kwa kiasi nadhani hivyo. Lakini mkwe wangu, anayetazama jiwe siku nzima bila kuongea, kumbe alikuwa akiona mpaka upande wa pili.

Hapo ndipo swali lilinijia, na swali likinijia huwa halipiti kwenye kichwa kwanza.

"Dada Vilas," nikasema, "saa moja ya kusimama wanakulipa ngapi?"

"Mama," Rasila akasema.

"Nauliza tu."

Pauni kumi na moja na nusu, Vilas alisema. Rupia elfu moja na mia mbili na kidogo. Rasila, siku njema, siku nzima, hupata mia nane. Hesabu hiyo tuliisikia sote watatu. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha na kila mmoja anasubiri mwenzake alifunge.

Mimi sikulifunga. Nilimwomba Vilas ile risiti yake, nikaikunjua mikunjo yote minane, nikaigeuza nyuma, nikachukua kalamu ya Hetvi. Jumapili kumi na tano, saa kumi kila Jumapili: mia na hamsini. Mara kumi na moja na nusu. Hesabu ya kuzidisha ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho shuleni, mengine nilimwachia mwalimu. Elfu moja mia saba ishirini na tano. Ongeza jiwe, dhahabu na sonara, zile mia saba na kumi na nne. Nikachora mstari chini.

"Mkono huu ukiulipa kwa bei ya Leicester," nikasema, "pete ya Dharmil ni pauni elfu mbili mia nne thelathini na tisa. Imeizidi ya kwako kwa themanini na tisa. Sasa ni sisi ambao tungepaswa kusogeza sherehe, mpaka mpate inayolingana."

Rasila alifumba macho. Hetvi, aliyekuwa nyuma ya pazia muda wote huo akijifanya anafua, aliacha kufua. Mimi mwenyewe nilijua nimezidisha, lakini neno likishatoka, hata mwenye kinywa huliona mgongo tu.

Vilas alichukua kalamu. Hakuniangalia. Aliandika chini ya mstari wangu, taratibu, akigawanya kwa ile njia ndefu tuliyofundishwa sote vijijini. Elfu mbili mia tatu na hamsini, gawanya kwa kumi na moja na nusu. Midomo yake ilicheza.

"Mia mbili na nne," alisema. "Saa mia mbili na nne. Wewe mia na hamsini." Akamgeukia Rasila. "Wakati unakata, ulisimama au ulikaa?"

"Nilikaa, dada."

"Mimi nilisimama." Aliiweka kalamu chini. "Basi bado ni mimi niliyezidi."

Rasila alisema ndiyo, amezidi. Akasema kwa uso ule ule wa kugeuza jiwe. Kisha mdomo wake ukamponyoka upande mmoja, na Vilas akauona, na wote wawili wakaanza kucheka, mmoja kwenye kiti na mwingine sakafuni. Wakacheka mpaka maji ya kikombe cha bati yakamwagika kwenye sari ya hariri. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejifunza asubuhi ile kutocheka wa kwanza. Nilikwenda kutazama dengu, zikawa zimeshika chini, na siku ile hakuna aliyemlaumu mtu chumvi.

Alipofuta macho, Vilas aliichukua pete ya Dharmil akaipeleka mwenyewe dirishani. Akaiomba lenzi. Hakujua kuitumia, Rasila alimshika kiwiko, akamsogezea jiwe polepole mpaka likakaa mahali pake. Vilas hakuondoka pale kwa muda. Sikumwona uso, niliona mgongo tu na ile raba moja akiipumzisha juu ya nyingine.

"Fundo liko wapi?" aliuliza.

"Hapo ulipo. Umelipita mara mbili."

"Silioni."

"Ndiyo kazi yenyewe," Rasila alisema.

Vilas akairudisha pete kwenye karatasi, na safari hii hakuirudisha kama sahani ya jirani. Alisema Alhamisi ibaki Alhamisi. Lakini akataka kitu kimoja, na hapo sauti ya mama wa bwana harusi ikamrudia kidogo: alitaka risiti. Watu wa Leicester wangeuliza, na yeye hawezi kurudi na mdomo mtupu. Rasila akasema hana risiti, hajauza kitu. Aandike, Vilas akasema. Kama ile ya dukani, na sahihi chini.

Rasila aliandika kwenye karatasi ya almasi, ile nyeupe ya kukunja, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Jiwe moja, lenye fundo. Dhahabu. Sonara. Jumapili kumi na tano. Kwenye sehemu ya bei ya hizo Jumapili alisita, kisha akaacha wazi. Vilas aliitazama ile nafasi wazi, akanitazama mimi, nami nikatazama dengu. Akaikunja, mara mbili tu, akaiweka kwenye kisanduku cha mahameli chenye taa, pamoja na pete ya Dharmil. Ile ya Hetvi akaisokomeza kwenye karatasi ya kawaida.

Baadaye alituambia kwa simu kwamba kule karatasi hiyo imepita mikono mingi kuliko pete. Kuna mama mmoja wa mstari wa mashine aliisoma, akauliza Jumapili hizo kumi na tano zinauzwa wapi.

Alhamisi Hetvi alimvisha Dharmil, Dharmil akamvisha Hetvi, kidole kikawa kinene kidogo kuliko pete, ikabidi sabuni. Rasila alikuwa amevaa bangili zake zote nne. Kila alipopitisha sinia ya sukari guru zililia, na mimi, mwenye ugonjwa wa sukari na daktari mkali, nilichagua donge kubwa kuliko yote. Nililitafuna taratibu, nikimtazama Vilas moja kwa moja, ili asije akasema hakuona.